Kuku Waliofungwa kwa Lakiri

Pale ambapo ukuta wa kinyozi unakutana na ukuta wa ghala la nafaka pana benchi la mbao nzito lenye miguu isiyolingana, nasi tunaolikalia kila asubuhi tumekwisha kujifunza namna ya kuegemea ili kahawa ya jirani isimwagike. Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu ila ni shangazi wa mtaa mzima, huweka hapo jiko lake la makaa na birika lake lenye mdomo mrefu mwembamba. Masafa, fundi wa redio, hukaa upande wa jua na hana uwezo wa kusema jambo kwa sauti ya chini. Wembe, kinyozi, hunyoa watu huku kichwa chake kimetoka dirishani ili asipitwe na neno. Asubuhi ninayoisimulia alikuwapo pia Bwana Mhuri, karani wa posta aliyestaafu, na uso wake ulikuwa kama barua iliyorudishwa kwa mtumaji. Kwa miaka tisa ndiye aliyeandaa maonyesho ya kuku katika ukumbi wa mtaa. Mwaka huu msimamizi wa ukumbi amempa sharti: kabla ya adhuhuri ya siku hiyo awe na majina ya waonyeshaji ishirini, la sivyo ukumbi wanapewa watu wa harusi, na maonyesho yamekufa. Majina aliyokuwa nayo ni kumi na moja. Mimi nilishika kalamu, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, na kazi yangu ilikuwa kuandika barua ya kuwarudisha wale wengine walioapa kwamba hawarudi tena.

— Soma ulipofika, Mwalimu, — alisema Mhuri.

— "Kwa waonyeshaji wetu wapenzi, salamu na heshima." Nimefika hapo.

— Nusu saa nzima, salamu tu? — Masafa aliruka. — Hao watu wana hasira, bwana!

— Wana hasira, ndiyo maana nimeanza na salamu.

Ni haki msomaji aelezwe hasira hiyo ilitoka wapi. Mwaka juzi mtu mmoja alikutwa nyuma ya ukumbi akimpaka jogoo wake rangi ya midomo ya mkewe, ili kilemba kionekane chekundu zaidi. Mhuri, ambaye umri wake wote alilinda vifurushi visifunguliwe njiani, alikosa usingizi kwa fedheha hiyo, na mwaka jana akaja na dawa yake. Kila kuku aliyepimwa na kuingizwa kizimbani, mlango wake ulifungwa kwa uzi, juu ya fundo ikadondoshwa lakiri, nta nyekundu ya moto, na juu ya lakiri ukagongwa mhuri. Kuku arobaini na wawili, lakiri arobaini na mbili. Ukumbi ulinuka nta kama ofisi ya posta. Kisha akafika mwamuzi, mama mmoja mwenye koti jeupe aliyekuwa safarini tangu alfajiri, akanawa, akakunja mikono ya koti, akaomba afunguliwe kizimba cha kwanza. Hapo Mhuri akamsomea kanuni ya kumi na nne: lakiri haivunjwi ila mbele ya mwenye kuku, karani na shahidi mmoja, wote watie saini, nakala tatu.

— Nakala tatu! — Masafa alijipiga paja. — Kwa kuku!

— Na moja ya jalada, — alisema Mhuri kwa unyonge. — Zilikuwa nne.

— Mama wa watu akabaki kuzunguka ukumbi ameinama kama anayetafuta sindano, — Masafa aliendelea. — Anachungulia waya, anaandika. Anachungulia waya, anaandika. Mimi nikadhani amekuja kukagua waya!

— Na maji je? — Shangazi aliingilia, akipangusa kikombe. — Milango imefungwa, kuku wanahema midomo wazi. Nani aliwanywesha? Mimi hapa, na birika hili hili, mdomo unapita kwenye waya. Kuku arobaini na wawili! Wale wote nawajua kwa sura kuliko ndugu zangu.

— Mnalalamika kwa sababu hamkushinda, — ilisema sauti ya Wembe dirishani. Mteja wake alikuwa na povu upande mmoja wa shavu, amekwisha kukata tamaa ya kunyolewa upande wa pili.

— Na wewe ulishindaje? — Masafa alimgeukia. — Kuku wako ana jicho moja!

— Ana jicho moja zuri.

— Alikaa amegeuza upande ule ule tangu asubuhi mpaka jioni!

— Hiyo inaitwa nidhamu. Wa kwako alikuwa anazunguka-zunguka kama mpangaji asiyelipa.

Tulicheka sote isipokuwa Mhuri, ambaye alikuwa akitazama saa yake. Ilikuwa saa nne na robo. Alinigeukia.

— Mwalimu, wewe umesoma. Wanazuoni wanasemaje juu ya jambo kama hili?

Nilimwambia ninachokijua, wala si kingi. Waliotangulia walijadili kwa kirefu habari ya mtu anayenunua kitu asichokiona, wakampa hiari ya kukirudisha siku atakapokiona. Na kuhusu kadhi, hawakupenda ahukumu akiwa na njaa, wala akiwa amebanwa na haja, wala akiwa na hasira.

— Basi yule mama alikuwa na yote matatu, — alisema Shangazi. — Nilimpa kikombe akakinywa wima. Choo chenyewe kilifungwa, ufunguo anao msimamizi.

— Kwa hiyo kombe la Wembe lirudishwe? — aliuliza Masafa kwa shauku.

— Hawakumtaja kuku wa Wembe, — nilisema.

Hapo ndipo Mhuri alipoomba tumsaidie. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujishusha: tumwambie, kwa ukweli kabisa, mwonyeshaji anataka nini. Angekiandika chochote. Lau angelijua, tangu mwanzo angelikiandika.

Masafa hakungoja.

— Jina! Mtu amelea kuku miezi minane, amemwogesha, amemkausha kwa taulo la wageni, anafika ukumbini anaambiwa, "Wewe namba kumi na tisa, kaa kule." Namba kumi na tisa! Weka spika nne, mzee wangu. Moja juu ya paa. Mtu akiingia tu, jina lake na la kuku wake lisikike mpaka sokoni.

— Kuku wakiisikia spika yako watataga mayai yaliyokwisha kuchemka, — alisema Shangazi.

— Andika spika, — alisema Mhuri.

Niliandika.

— Mnapotea njia, — alisema Wembe. Sasa alikuwa ametoka kabisa, wembe mkononi, amemwacha mteja ndani. — Mwonyeshaji anataka usalama. Lakiri mbili badala ya moja. Halafu pazia. Mwamuzi akae nyuma ya pazia, asimwone kuku wala mwenye kuku. Aletewe picha.

— Picha ya upande gani? — nilimuuliza.

— Upande atakaouchagua mwenye kuku.

— Ah! We nawe una mambo! — alipiga kelele Masafa.

— Andika pazia, — alisema Mhuri.

— Ngojeni, ngojeni, — Shangazi aliweka birika chini, jambo ambalo hulifanya mara chache. — Mimi niliwanywesha, mimi ndiye ninayewajua. Watu wale hawataki spika wala pazia. Wanataka kushinda, basi. Kwani ni siri? Wape wote nafasi ya kwanza. Kuku mwenye shingo ndefu, wa kwanza. Kuku mwenye subira, wa kwanza. Kuku aliyetoka mbali kuliko wenzake, wa kwanza.

— Na kuku mbaya kupita wote? — aliuliza Masafa.

— Wa kwanza kwa ubaya. Na mwenyewe atafurahi kuliko wote, maana hana mpinzani.

— Makombe arobaini na mawili, — Mhuri alinong'ona. Aliona aibu kuuliza yatatoka wapi, akasema tu: — Andika.

Masafa hakukubali kupitwa na muuza kahawa. Alisimama, benchi likayumba, kahawa yangu ikamwagika kidogo juu ya salamu na heshima.

— Sikilizeni. Mwaka jana nani alisimama siku nzima bila kiti? Mwenye kuku. Nani hakujua zamu yake itafika lini? Mwenye kuku. Basi tugeuze mambo! Vijengwe vizimba vikubwa, vyenye kiti na mto, wenye kuku waingie wao. Kuku waachwe ukumbini wapite, wawatazame. Kuku akisimama mbele ya mtu kwa muda mrefu kuliko wengine, huyo mtu ameshinda.

— Na lakiri? — aliuliza Wembe.

— Lakiri tunampiga mwonyeshaji mlangoni!

Mteja mwenye povu, aliyekuwa sasa amesimama kizingitini, alisema kwamba yeye angependa kumaliziwa shavu la pili. Aliambiwa asubiri, jambo kubwa linajadiliwa. Akachukua kikombe, akakaa.

Ilipofika saa tano na nusu barua ilikuwa na ahadi tisa, na hakuna hata moja tuliyokuwa na uwezo wa kuitimiza. Mhuri aliishika karatasi kwa mikono miwili.

— Wakiisoma hii, watarudi? — aliuliza.

Kabla hatujamjibu alifika mama mmoja mwenye unga mpaka kwenye viwiko. Tulimfahamu kwa sura: ni mwoka mikate wa tanuri la mtaa wa pili, ambaye hatumwoni mchana kwa kuwa kazi yake huisha watu wanapoamka; siku hiyo alikuja hata hajanawa. Alibeba kapu lenye kifuniko cha kitambaa, na ndani ya kapu kitu kilikuwa kikijisogeza.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, mama. Karibu kahawa, — alisema Shangazi, kisha akachungulia kapu. — Aa! Namba ishirini na saba! Huyu alikunywa sana.

— Ndiye. Namtafuta mzee wa maonyesho.

Mhuri alisimama haraka, akavuta shati lake chini kama aliyeitwa na mteja kwenye dirisha la posta.

— Ni mimi, mama. Umekuja kujiandikisha?

— Sijui bado. Nimekuja kuuliza. — Alitoa mfukoni kadi iliyokunjwa mara nyingi hata pembe zake zimekuwa laini kama kitambaa. Juu ya kadi palikuwa na tarakimu moja tu, nne. — Mwaka jana tulikuwa wa nne. Sikuja kulalamika, wa nne si vibaya. Nataka kujua tu: wa nne kwa nini?

Masafa ndiye aliyejaribu.

— Labda rangi…

— Labda ninazo, baba, zimejaa nyumbani. Nilidhani ni rangi, nikampa karoti mwaka mzima. Nilidhani ni uzito, nikawa nampima kwenye mizani ya unga kila Jumatatu. Nilidhani ni mwoga wa watu, nikamweka karibu na tanuri tunapopiga soga. Mume wangu anasema naongea na kuku kuliko ninavyoongea naye. Na ni kweli. Kuku huyu hanikatizi.

Wembe alitazama juu. Shangazi alipangusa kikombe kilichokwisha kupanguswa. Mhuri alifungua daftari lake kubwa na kuteremsha kidole mpaka namba ishirini na saba.

— Muda aliofika upo, — alisoma. — Uzito upo. Namba ya lakiri ipo. Rangi ya uzi, jina la shahidi… — Kidole kikafika mwisho wa mstari, kikakaa hapo. — Sijui, mama.

— Hujui?

— Sijui. Na mwamuzi naye hakumshika, kwa sababu nilimzuia mimi.

Nimekaa na watu wengi wenye elimu, na ninaweza kuwahesabu kwa vidole waliowahi kulitamka neno hilo mbele ya mashahidi. Yule mama akakaa katikati ya benchi, kapu magotini, wala hakuna kahawa iliyomwagika.

— Basi mpigie mwamuzi, — alisema.

Hili, katika mwaka mzima, halikuwa limemjia yeyote kati yetu.

Mhuri alipiga. Masafa alimnyang'anya simu na kuiweka sauti ya nje, na mwamuzi aliposikia ni nani, ilisikika pumzi ndefu.

— Ni yule bwana wa nakala tatu?

— Ndiye, mama. Nakuomba radhi. Sikupigii kwa ajili ya kujitetea. Nina hapa mwenye kuku namba ishirini na saba.

— Tetea mwekundu? Namkumbuka. Mzuri sana yule. Mgongo, mkia, kifua, sikuona dosari. Lakini alikuwa anasimama ameegemea mguu wa kulia, kila nikipita. Nilitaka kumgeuza nione unyayo wa kushoto. Sikuweza. Nikaogopa kumpa zaidi ya nne. Mgeuzeni sasa hivi.

Mwoka mikate alimtoa kuku, akamlaza chali mapajani, akauinua mguu wa kushoto. Tuliinama sote, na mteja mwenye povu pia. Chini ya unyayo palikuwa na sugu nyeusi, kubwa kama punje ya mahindi.

— Karoti! — alisema yule mama. — Mwaka mzima, karoti!

Alianza kucheka, akacheka mpaka unga ukaanza kumpukutika mikononi, na kuku akawa mwekundu mwenye madoa meupe. Mwamuzi alimwambia aubadilishe mti anaolalia kuku, bila shaka una kona kali, na aloweshe mguu katika maji ya vuguvugu yenye chumvi. Halafu sauti ile ikaendelea:

— Nanyi hapo, hebu niambieni. Yule wa kwanza alinionyesha upande mmoja siku nzima. Jicho la pili analo?

Wembe alikuwa amekwisha kuingia dukani. Ilibidi tumtoe kwa kumwita kwa jina lake halisi, ambalo silitaji.

— Hana, mama, — alisema kwenye simu. — Alizaliwa hivyo.

— Basi mwaka huu hatashinda. Ila mlete. Kwa ule upande niliouona, umemlea vizuri, na ningependa kukuandikia hivyo.

Wembe alirudi dukani. Ndipo shavu la pili la mteja wake lilipoanza kunyolewa.

Mhuri aliichukua barua yenye ahadi tisa, akaipasua mara mbili, akaniwekea karatasi mpya magotini.

— Andika, Mwalimu. "Mwaka huu kila kuku atashikwa mkononi, na kila mwenye kuku ataandikiwa alichokiona mwamuzi, kizuri na kibaya." Basi.

— Na salamu?

— Salamu weka. Fupi.

Mwoka mikate aliisoma akiishika pembeni, na kidole chake kikaacha alama ya unga. Akachukua kalamu, akaandika jina lake chini ya yale kumi na moja, kisha akaandika mengine saba bila kuinua kichwa.

— Hawa ni wenzangu wa tanurini. Kila mmoja ana kadi kama yangu. Walinituma mimi niulize kwanza.

Tulihesabu. Kumi na tisa. Saa ya Mhuri ilisema zimebaki dakika nne. Hakuna aliyemtazama Wembe, na kutomtazama kwetu kulikuwa kwa kelele sana.

— Nipeni hiyo kalamu, — alisema dirishani. — Lakini mwamuzi, kwenye maneno mazuri, aandike kwa herufi kubwa.

Mhuri alimpigia msimamizi wa ukumbi na kumsomea majina ishirini, kwa sauti ile aliyokuwa akisomea hati za usajili, bila kuruka hata herufi. Masafa aliziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho.

— Sawa, mzee. Ukumbi wenu. Watu wa harusi nitawaambia. Sasa niandike, mnafungua saa ngapi?

Mhuri alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Masafa. Masafa akamtazama Shangazi, naye akatazama ndani ya birika, ambamo kahawa ilikuwa imekwisha. Ahadi tisa tulizozipasua, na ile moja tuliyoiandika, hazikuwa na saa.

— Haloo? Mpo?

Mwoka mikate alikuwa amekwisha kusimama, kapu mkononi, anaondoka zake. Aliinama juu ya simu.

— Saa kumi na moja alfajiri, tukitoka tanurini, — alisema. — Ufunguo nitauchukua mimi. Na wa choo.